Vipimo vikikwama kwenye mmap: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Njia za kutoa vipimo kutoka kwenye programu ni nyingi, lakini chache zinaipunguzia prosesa mzigo kama kuandika namba kwenye faili lililopachikwa kwenye kumbukumbu kwa `mmap`. Hakuna mwito kwa kerneli, hakuna soketi, hakuna foleni. Programu inaongeza namba mahali pake kwenye kumbukumbu, basi. Anayesoma anakuja kwa wakati wake na kulifungua faili lile lile. JVM (mashine inayoendesha programu za Java) hufanya hivyo kwa kawaida kwenye `/tmp/hsperfdata_<mtumiaji>/`, Performance Co-Pilot (zana ya kupima mifumo) ina muundo wake uitwao MMV, na maktaba ya Python ya Prometheus (mfumo wa kukusanya vipimo) hutumia mbinu hiyo pale programu moja inapoendeshwa na prosesi nyingi.

Gharama hulipwa kwingine: kwenye umri wa faili, kwenye diski iliyo chini yake, na kwa yule anayesoma. Kwa hiyo grafu ikianza kukudanganya, usikimbilie msimbo unaohesabu. Anza na faili. Amri hizi nne humaliza kesi nyingi kabla hujafungua kihariri (weka namba ya prosesi yako badala ya 4121, na folda yako ya vipimo badala ya `/tmp/vipimo`):

```
tr '\0' '\n' < /proc/4121/environ | grep -i prometheus
grep -E '\.db|hsperfdata|mmv' /proc/4121/maps
findmnt -T /tmp/vipimo
ls -ls /tmp/vipimo
```

Ya kwanza inaonyesha mazingira ambayo prosesi ilizaliwa nayo. Ya pili inaonyesha mafaili ambayo kweli imeyapachika, si yale unayodhani imeyapachika. Ya tatu inakuambia folda iko kwenye diski au kwenye tmpfs (mfumo wa mafaili unaokaa kwenye kumbukumbu). Ya nne inaweka ukubwa ambao faili linadai na nafasi ambayo kweli limechukua bega kwa bega, na tofauti ya hizo mbili tutaihitaji chini.

## Kaunta inapanda, inashuka, inapanda tena

Unachota `/metrics` (anwani ambako programu hutolea vipimo vyake) kwa `curl` mara kadhaa na `http_requests_total` inarudi 812, kisha 790, kisha 812, kisha 805. Kwenye dashibodi, `rate()` inachora milima isiyowezekana. Prometheus ikiona kaunta imeshuka huchukulia kwamba imeanza upya kutoka sifuri, kwa hiyo namba nzima inayofuata inahesabiwa kuwa ongezeko jipya.

Hapo kila prosesi mtoto wa Gunicorn (seva ya programu za wavuti za Python) inajibu kwa hesabu zake peke yake, yaani mmap haijawaka kabisa. Folda ikiwa tupu, umeshapata jibu. Maktaba huchagua aina ya hifadhi pale `prometheus_client` inapoitwa kwa `import` mara ya kwanza, kwa kuangalia kama `PROMETHEUS_MULTIPROC_DIR` ipo. Wengi huiweka ndani ya Python kwa `os.environ`, mistari michache chini ya `import` ambayo imeshapita. Iweke kwenye skripti ya kuanzishia au kwenye faili la systemd. Matoleo ya zamani yalitaka jina hilo hilo kwa herufi ndogo, kwa hiyo ukirithi mradi mkongwe angalia zote mbili.

Folda ikiwa na mafaili lakini namba bado zinaruka, shida iko kwenye rejista, yaani orodha ya wakusanyaji ambayo `/metrics` huisoma. Njia ya `/metrics` inatakiwa kuunda rejista mpya kila inapoitwa:

```python
rejista = CollectorRegistry()
multiprocess.MultiProcessCollector(rejista)
return generate_latest(rejista)
```

Ukitumia rejista ya kawaida utapata namba za prosesi iliyojibu tu. Ukiisajili `MultiProcessCollector` ndani ya rejista hiyo ya kawaida, utapata vipimo maradufu. Na usishtuke `process_cpu_seconds_total` na wenzake wakitoweka: mkusanyaji huyu anasoma mafaili tu, na hizo hazimo kwenye mafaili.

## Vipimo vimeganda, programu inaendelea

Watu wanatumia huduma, logi zinatiririka, lakini kaunta imesimama au imetoweka kabisa. Angalia `maps`:

```
7f3a5c1f0000-7f3a5c200000 rw-s 00000000 00:1a 88213  /tmp/vipimo/counter_4121.db (deleted)
```

Neno la mwisho ndilo la kutazama. Faili limefutwa, lakini Linux huliacha hai kwa prosesi iliyolishika. Prosesi inaendelea kuandika kwa utulivu mahali ambapo hakuna mwingine awezaye kusoma. Haitatoa kosa lolote, leo wala kesho.

Mfutaji ni nani? Mara nyingi ni mstari wa `rm -rf` uliowekwa kwa nia njema, kwa kuwa folda hii kweli inatakiwa kusafishwa kila programu inapoanza upya, ila umewekwa pabaya: kwenye `post_fork`, ambako kila mtoto anayezaliwa anafuta kazi ya ndugu zake, au kwenye skripti ya kupandisha toleo jipya wakati la zamani bado linahudumia. Mshukiwa wa pili ni `systemd-tmpfiles`, ambayo kwa kawaida hufuta vya `/tmp` ambavyo havijaguswa kwa siku 10. Faili la mmap linaweza kuonekana halijaguswa hata likiwa linaandikwa kila sekunde, hasa kwenye tmpfs, maana maandishi hayapiti kwenye `write()`. Kwenye RHEL za zamani kazi ya `tmpwatch` ilikuwa na kipengele maalumu cha kuiruka `/tmp/hsperfdata_*`. Bila hicho, `jps` (amri inayoorodhesha JVM zilizo hai) ingekuwa kipofu kwa JVM zilizokaa muda mrefu.

Suluhisho ninalolipenda ni kumwachia systemd kazi yote:

```
[Service]
RuntimeDirectory=vipimo
Environment=PROMETHEUS_MULTIPROC_DIR=/run/vipimo
```

Folda inaundwa huduma ikianza, inafutwa ikisimama, iko kwenye `/run` ambayo ni tmpfs, na haiguswi ukifanya `reload`. Kwenye kontena, safisha ndani ya skripti ya kuingilia, kabla ya `exec gunicorn`.

## Prosesi inakufa kwa `Bus error`

Msimbo wa kutokea ni 135, yaani 128 na 7, ambayo ni namba ya SIGBUS (ishara ambayo kerneli humpa aliyegusa kumbukumbu isiyofikika) kwenye Linux ya x86 na ARM. Hakuna orodha ya makosa ya Python, hakuna kitu kwenye logi ya programu. Inaonekana kama kumbukumbu mbovu, na kuna watu wamebadilisha RAM kwa ajili ya hili.

Faili linapoundwa, maktaba hulipatia ukubwa wa baiti 65,536 kwa `truncate`, na likijaa linaongezwa mara mbili. Lakini `truncate` haitengi nafasi. Kurasa za baiti 4096 hupewa nafasi halisi pale zinapoandikwa mara ya kwanza, na ndiyo maana `ls -ls` ilikuonyesha namba mbili tofauti. Sasa kama hifadhi imejaa wakati ukurasa mpya unaguswa, kerneli haina pa kurudisha kosa, kwa sababu hakuna mwito uliofanywa. Kilichofanywa ni kuandika kwenye kumbukumbu tu. Kinachobaki ni SIGBUS.

Docker huipa `/dev/shm` megabaiti 64 usipoiambia vinginevyo. Prosesi 16 zenye lebo nyingi hazichelewi kufika huko. Ongeza kwa `--shm-size`. Kwenye Kubernetes tumia `emptyDir` yenye `medium: Memory`, ukikumbuka kwamba kila baiti yake inahesabiwa kwenye kikomo cha kumbukumbu cha kontena. Usiirekebishe SIGBUS kwa kujiletea kifo cha OOM, yaani kuuawa kwa kuishiwa kumbukumbu.

HotSpot, JVM ya OpenJDK, ililiona hili mapema: inapounda faili lake hugusa kila ukurasa kwanza, na nafasi ikikosekana huacha na kuonya `Insufficient space for shared memory file`. Onyo hilo linakushauri ubadilishe `-Djava.io.tmpdir`. Ushauri huo hausaidii. Kwenye Linux njia ya hsperfdata ni `/tmp`, imeandikwa ndani ya msimbo, haifuati mpangilio huo. Ongeza nafasi kwenye `/tmp`. Ukiandika mwandishi wako mwenyewe wa vipimo, ita `posix_fallocate` mwanzoni, upate kosa la kueleweka badala ya ishara.

Njia nyingine ya kufika kwenye SIGBUS ni kulikata faili likiwa linatumika. `rm counter_4121.db` inapoteza namba, lakini `> counter_4121.db` inaua prosesi, kwani kurasa zilizopachikwa sasa ziko nje ya mwisho wa faili. Anayetunza seva kwa mazoea ya kumwaga logi kubwa kwa alama ya `>` aambiwe mapema.

## `Read beyond file size detected, file is corrupted`

Msomaji amekuta urefu wa ufunguo usioingia akilini. Diski haina kosa hapa. Waandishi wawili wanalichukulia faili moja kuwa ni lao.

Jina la faili linatokana na PID (namba ya prosesi), na PID ni ya pekee ndani ya kontena moja tu. Kontena mbili zinazoshiriki voliumu zitakuwa na mama mwenye PID 1 na watoto wenye PID 7, 8, 9, na wote wataandika `counter_7.db`. Kila mmoja anakumbuka kichwani mwake alipoishia, bila kumwangalia mwenzake. Ni kama wauzaji wawili wa duka moja kuandika mauzo kwenye daftari moja gizani: kila mtu ana hakika na mstari wake. Mpe kila mmoja daftari lake, jumla apige mwenye duka jioni. Na ndivyo mbinu hii yote inavyotakiwa kufanya kazi.

Kwa hiyo folda moja kwa kontena moja. `emptyDir` ni ya podi nzima, siyo ya kontena, hivyo podi yenye programu mbili za Python inahitaji folda mbili. JVM mbili za matoleo ya zamani zenye PID 1 zikishiriki `/tmp` zinaingia kwenye ugomvi huo huo.

## Programu inasita ghafla, bila sababu inayoonekana

Hii ndiyo iliyowasumbua watu wengi kwa muda mrefu zaidi, na inastahili kuangaliwa taratibu. Huduma ya Java inajibu vizuri kwa wastani, ila mara chache inasimama kwa sehemu kubwa ya sekunde au zaidi. Logi ya uzoaji taka (garbage collection, JVM inapoondoa vitu visivyotumika tena kwenye kumbukumbu) inaonyesha kusimama huko, lakini ukitazama kwa makini, muda wa `user` na `sys` ni mdogo kabisa huku `real` ikiwa kubwa. Nyuzi za kuzoa taka hazikuwa zikifanya kazi. Zilikuwa zikisubiri kitu.

Mwaka 2015 mhandisi Evan Jones alieleza hadharani kilichokuwa kinasubiriwa. JVM huandika takwimu zake kwenye hsperfdata, na baadhi huandikwa wakati wa uzoaji taka, nyuzi zote za programu zikiwa zimesimamishwa. Faili likiwa kwenye diski ya kawaida, kerneli mara kwa mara huzipeleka kurasa zake diskini. Inapofanya hivyo huufunga ukurasa usiandikwe kwa muda. Andiko linalofuata, ambalo kwenye msimbo ni kuongeza namba tu, linageuka kuwa hitilafu ya ukurasa. Kerneli inataka kusasisha muda wa faili kwenye jarida la mfumo wa mafaili, na diski ikiwa imebanwa na kazi nyingine, andiko hilo linangoja. Uzi wa kuzoa taka unangoja nalo. Programu nzima inangoja.

Ona ukatili wake: mzigo unaosababisha unaweza kutoka kwa prosesi nyingine kabisa, labda nakala rudufu ya usiku au mtu anayenakili faili kubwa. Ndiyo maana kwenye mazingira ya majaribio haionekani.

Kabla ya kuilaumu hsperfdata, waondoe washukiwa wenzake. Swopu hutoa picha ile ile, vivyo hivyo kikomo cha CPU cha cgroup (tazama `nr_throttled` kwenye `cpu.stat`), na vivyo hivyo logi ya uzoaji taka yenyewe ikiandikwa kwenye diski hiyo. Kwa hili la mwisho JDK 17 ilileta `-Xlog:async`. Kisha fanya jaribio lisilo na ubishi: chukua seva moja kati ya kundi, iwashe na `-XX:+PerfDisableSharedMem`, ziache nyingine kama zilivyo, linganisha vilele vya muda wa kujibu kwa mzigo ule ule.

Bendera hiyo inaziacha takwimu ndani ya kumbukumbu ya JVM bila faili. Hifadhidata ya Cassandra huja nayo tayari kwenye mipangilio yake. Gharama yake ni kwamba `jps` haitaiona prosesi hiyo na `jstat` haitaisoma. `jcmd` na JMX bado zinafanya kazi ukiijua PID. Ukitaka kubaki na `jstat`, iweke `/tmp` kwenye tmpfs, ambayo haina diski ya kupelekewa kurasa. Fedora hufanya hivyo tangu toleo la 18, na Debian tangu toleo la 13. Mimi ningechagua tmpfs kwenye seva zangu mwenyewe na bendera kwenye seva ambazo `/tmp` yake siimiliki.

Waandishi wa Python wasijidhani wako salama. Folda ya vipimo ikiwa kwenye diski, kila `inc()` iko kwenye hatari ile ile, tena ndani ya ombi la mteja. Ikiwa kwenye NFS, iondoe hapo leo.

## `/metrics` inachelewa kila wiki zaidi

Kigezo cha `up` kinaanza kushuka hadi 0 mara moja moja, na Prometheus inaandika `context deadline exceeded`, kwani muda wake wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 10. Hesabu mafaili:

```
ls /run/vipimo | wc -l
```

Kila prosesi mtoto inaacha faili la kaunta, la histogramu, la kila aina ya geji (kipimo kinachoweza kupanda na kushuka). Akifa, mafaili ya kaunta hubaki kwa makusudi, kwa sababu jumla haitakiwi kushuka. Gunicorn yenye `max_requests` ndogo inazaa na kuua watoto mchana kutwa, na kila kuchota kunasoma mafaili yote, ya walio hai na ya marehemu. Pandisha `max_requests`, au iondoe kabisa kama uliiweka kuficha uvujaji wa kumbukumbu ambao ulishatibiwa. Kwenye uWSGI, seva nyingine ya aina hiyo, unaweza kutumia namba ya mtumishi badala ya PID, kupitia `MultiProcessValue(process_identifier=uwsgi.worker_id)` kabla kipimo chochote hakijaundwa, na mafaili hayatazidi idadi ya watumishi.

Mafaili yakiwa machache lakini manene, tatizo ni lebo. Kila mchanganyiko wa lebo unakaa humo mpaka programu izimwe. Ufunguo wake ni JSON yenye jina, lebo na hata maelezo ya kipimo, na histogramu inazidisha hayo yote kwa idadi ya ndoo zake. Namba ya mteja ndani ya njia ya URL inatosha kukumaliza. Fungua faili kwa `strings` uone ni lebo gani inayojirudia kwa sura elfu.

## Geji inahesabu walioondoka

Maombi yanayoendelea ni 40 wakati seva imelala. Geji za mtindo wa `livesum` au `liveall` zinahitaji kuambiwa nani amekufa:

```python
def child_exit(server, worker):
    multiprocess.mark_process_dead(worker.pid)
```

Hii hufuta mafaili ya geji za `live` pekee. Geji uliyoiacha kwenye hali ya kawaida ya `all` haiguswi, inaendelea kuonyesha thamani ya marehemu pamoja na PID yake.

## Umeandika mwandishi wako mwenyewe na namba ni za ajabu

Kaunta inatakiwa kuwa 1, msomaji anaona 72057594037927936. Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 56, yaani baiti ya 1 imekaa upande usio wake. `MappedByteBuffer` ya Java huandika baiti kubwa kwanza, na msomaji wa C kwenye x86 anasoma ndogo kwanza. Kwa namba za desimali, 1.0 itaonekana kama 3.03865e-319. Dawa ni mstari mmoja: `bafa.order(ByteOrder.nativeOrder())`.

Namba ikiwa ya kawaida lakini pungufu, nyuzi mbili zinaongeza mahali pamoja kwa `x += 1`, ambayo ni kusoma, kujumlisha na kuandika, na katikati mwenzake anapita. Tumia `__atomic_fetch_add`, au bora zaidi umpe kila uzi nafasi yake na msomaji ajumlishe. Zitenganishe nafasi hizo kwa baiti 64, la sivyo viini vya prosesa vitanyang'anyana mstari mmoja wa kashe na wepesi ulioutafuta utakwisha hapo.

Na kama `strace -c -f` inaonyesha maelfu ya `msync`, au kwenye Java unaita `force()` kila baada ya andiko, ziondoe. Msomaji aliye kwenye mashine ile ile anaziona kurasa zile zile bila hiyo, na namba zinabaki hata prosesi ikianguka. `msync` inakulinda na kuzimika kwa mashine nzima tu, na kaunta za jana hazina thamani hiyo.

Kwa wanaoandika MMV: `pminfo -f mmv` ikirudi bila thamani, tazama kichwa cha faili kwa `mmvdump`. Kuna namba mbili za kizazi, na msomaji hulipuuza faili mpaka zilingane. Mwandishi aliyekufa katikati ya kuanzisha huziacha zikitofautiana. Zikilingana na bado hakuna kitu, linganisha PID iliyomo humo na iliyo hai, maana bendera ya prosesi ikiwashwa, faili la marehemu halisomwi.